Mlio Chini ya Pikapu

Wanachama wenzetu wa Nyarero, wilayani Tarime, wasafirio kwa pikapu za kazi, waujua mlio ule: gari likiingia shimoni, chini hugonga “ko!” Desturi ni kuagiza shokomzoba mpya mara moja. Sisi twaipinga. Shokomzoba iliyokufa huliacha gari likinesanesa. Chuma kugonga chuma mara nyingi ni bushi zilizolika au boliti za springi zilizolegea. Kwanza gari liinuliwe kwa jeki, liegemezwe imara, gurudumu litikiswe juu na chini, na mtaimbo utiwe penye bushi. Boliti hukazwa upesi. Lakini boljointi ikicheza, gari lisitoke hata kwenda karibu: ikichomoka, gurudumu hulala, na abiria ni sisi. Tena dereva aandikaye habari ya mlio katika daftari la gari asiitwe mvivu.