Vijana, Muhula Ule Usio na Alama Msiuchezee

Kila mwaka vijana wachache wa kwetu hupata nafasi katika vyuo vidogo vya Marekani vinavyotoa elimu pana. Kimojawapo ni Swarthmore, kilichoanzishwa na waumini wa madhehebu ya Quaker mwaka 1864 huko Pennsylvania. Nina neno na vijana hao, na wazazi wao pia, juu ya muhula wa kwanza.

Swarthmore muhula huo hauandikwi alama. Rekodi ya mwanafunzi huonyesha amefaulu somo au hakufaulu, basi. Nia ni kumpa mgeni ujasiri wa kuingia darasa ambalo angeliogopa kwa kuchelea kuharibu wastani wake: aliyetoka tahasusi ya sayansi, PCM, akae na wanafalsafa, aliyetoka ya sanaa, HGL, ajaribu kuandika programu za kompyuta. Lakini kishawishi cha kijana wetu ni kukimbilia hesabu alizokwisha kuzisoma kidato cha sita, ili aanze kwa kishindo. Kishindo cha nini, ndugu yangu, na alama haziandikwi?

Chanzo chake nakielewa. Tanzania mtoto huingia kwenye tahasusi angali mdogo, na tangu siku hiyo huitwa mtu wa sayansi au mtu wa sanaa, naye akaliamini jina hilo. Nyuma yake ukoo mzima unasubiri mhandisi au daktari. Hofu ya kuwaangusha si ya kubezwa. Hata hivyo utaratibu wa chuo chenyewe unaijibu: shahada inahitaji kozi 32, na 20 kati ya hizo lazima ziwe nje ya fani kuu ya mwanafunzi. Uhandisi unafundishwa pale pale, na unaenea katika 12 zilizobaki. Isitoshe, fani kuu huchaguliwa mwaka wa pili.

Patrick Awuah wa Ghana alipita hapo, akasoma uhandisi na uchumi, akahitimu mwaka 1989. Ameeleza hadharani kwamba walimu wake hawakutaka akariri maneno yao na kuwarudishia, walitaka afikiri. Alifanya kazi Microsoft, kisha akarudi kwao, na mwaka 2002 akafungua chuo cha Ashesi, ambako hata mwanafunzi wa kompyuta husoma nadharia za jamii na masomo ya Afrika. Basi nani atasema yale masomo ya nje ya fani yalimpotezea muda?

Kuna na hili la kusema. Katika semina za Swarthmore za wanafunzi wa miaka ya juu, watu wasiofika kumi huketi kuzunguka meza, kila mmoja keshasoma insha ya mwenzake kabla ya kuja. Katikati husimama wakala kidogo, kisha hurudi kubishana. Mwalimu naye hubishiwa. Sisi tumefunzwa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu, na adabu ni kitu chema. Lakini pale anayenyamaza hudhaniwa hakusoma. Ulimi wa kubisha kwa heshima hauji kwa siku moja. Anzeni kuuzoeza mapema, katika muhula huo ambao kukosea hakuna gharama.

Nanyi wazazi, mkipiga simu Oktoba, msimwulize mtoto kama anaongoza darasani. Mwulizeni amechukua somo gani ambalo hakuwahi kulisoma, kisha mwacheni aeleze mpaka amalize.