Bei si Kipimo cha Uimara

Hoja iliyochapishwa kwamba vipokea sauti vya masikioni vya bei nafuu ni hasara tupu, na kwamba mwenye busara asubiri hadi amudu vya bei kubwa visivyo na waya, haikutazama kinachoviharibu. Mara nyingi spika ndogo iliyomo ndani huwa bado nzima. Zinazokatika ni nyuzi za shaba, nyembamba kama nywele, pale waya unapoingia kwenye jeki, yaani ncha ya chuma inayochomekwa kwenye simu, kwa sababu hapo ndipo unapopindwa kila siku mfukoni. Fundi wa simu wa Mutwanga au Butembo, mashariki mwa Kongo, hukata kipande kilichochoka, huunguza rangi inayozikinga nyuzi, kisha huzilehemu kwenye jeki mpya, na sauti ikarudi pande zote mbili. Betri ya lithiamu iliyozibwa ndani ya kifaa kisicho na waya haina tiba rahisi hivyo: hudhoofika kadiri inavyochajiwa, na mara nyingi kukifungua kifaa ni kukivunja.

Tena, na hili halikuguswa kabisa, simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya huohuo kama antena, hivyo anayesikiliza Radio Okapi ili ajue usalama wa barabara ya Beni na Kasindi hawezi kuuacha.

Wala bei ya kadiri haizuii kitu kudumu sokoni: vipokea sauti vya waya vya Koss Porta Pro, vya bei ya kadiri, vinauzwa tangu 1984. Basi, mnunuzi wa vipokea sauti vya waya na aupinde waya karibu na jeki huku muziki ukilia. Sauti ikikatika upande mmoja, avirudishe kabla ya kulipa.