Butembo na Beni: Mlipuko wa mafua ukija, dawa itamfikia nani kazini?

Tarehe 1 Desemba 2025, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilitangaza mwisho wa mlipuko wa Ebola katika zoni ya afya ya Bulape, jimboni Kasaï. Wagonjwa 64 walihesabiwa, na 45 kati yao walifariki. Huko Butembo na Beni, tangazo la namna hiyo linajulikana vizuri. Wakaaji wa miji hiyo miwili ya Kivu Kaskazini walilisubiri kwa karibu miaka miwili, tangu 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020. Katika muda huo watu 3,470 waliugua na 2,287 walipoteza maisha mashariki mwa nchi. Virusi vilirudi Butembo Februari 2021, vikarudi Beni Oktoba mwaka huohuo, na tena Beni Agosti 2022.

Hata hivyo, ugonjwa unaowatia wasiwasi zaidi wataalamu wengi wa milipuko duniani ni mafua makali, yale yanayoweza kuzunguka dunia nzima ndani ya wiki chache. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2009, pale Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipotangaza mlipuko wa dunia wa H1N1. Sasa macho yako kwa H5N1, mafua ya ndege, ambayo tangu Machi 2024 yameonekana pia kwa ng'ombe wa maziwa huko Marekani. Mpaka sasa hayaambukizi kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Lakini siku yakianza, swali la kwanza katika miji ya biashara kama Butembo na Beni litakuwa la kazi: nani ataendelea kufanya kazi, nani atapewa dawa, na nani atakula nini akibaki nyumbani?

Mafua hayafuati njia ya Ebola

Wakati wa Ebola, Riposte ilifuata njia moja iliyoeleweka. Mgonjwa akipatikana, watu wote waliomgusa waliandikwa na kuchanjwa, pamoja na waliowagusa hao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa namna hiyo. Iliwezekana kwa sababu mtu wa Ebola haambukizi wengine kabla ya kuonyesha dalili, na virusi vinapita kwa kugusa maji ya mwili wake.

Mafua hupita kwa pumzi. Mtu anaweza kuambukiza wenzake siku moja kabla ya yeye mwenyewe kuhisi homa. Muuzaji wa duka akigundua kwamba anaumwa, mwenzake wa meza ya pili ameshapata. Na chanjo huchelewa. Mwaka 2009 virusi vya H1N1 vilijulikana Aprili, lakini nchi tajiri zilianza kuchanja miezi kadhaa baadaye, na Afrika ilianza kupokea msaada wa dozi mwaka 2010.

Pengo hilo ndilo dawa za kupambana na virusi zinatakiwa kuziba. Inayojulikana zaidi ni oseltamivir, inayouzwa kwa jina la Tamiflu. Mgonjwa humeza kidonge mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Aliyekaa karibu na mgonjwa anaweza kumeza kimoja kwa siku, kwa siku kumi, ili kujikinga. Kuanzia mwaka 2005, hofu ya H5N1 ilipopanda, serikali na makampuni makubwa ya Ulaya, Marekani na Asia zilinunua akiba ya dawa hiyo ili hospitali, benki na viwanda visifungwe.

Akiba hiyo ilileta mabishano. Mwaka 2014 watafiti waliopitia majaribio mengi walionyesha kwamba kwa mtu mzima dawa inapunguza ugonjwa kwa muda usiofika siku moja. Mwaka 2017 OMS iliiondoa kwenye orodha kuu ya dawa muhimu na kuiweka kwenye orodha ya ziada. Isitoshe, dawa hii inafaa hasa ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kuonekana.

Somo lililopatikana hapahapa

Congo yenyewe imeonyesha dunia kwamba dawa haiaminiwi kabla ya kujaribiwa. Kuanzia Novemba 2018, jaribio lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB pamoja na watafiti wa Marekani lililinganisha dawa nne za Ebola katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Remdesivir, dawa ya virusi iliyotegemewa na wengi, ilishindwa: asilimia 53 ya walioipewa walifariki. Kwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, vifo vilikuwa asilimia 35. Mwaka 2024 ikawa zamu ya tecovirimat, dawa iliyotarajiwa kutibu mpox. Jaribio lililofanywa Congo lilionyesha kwamba haikufupisha ugonjwa. Lakini wagonjwa waliolazwa na kutunzwa vizuri, wenye dawa na wasio nayo, walifariki wachache kuliko ilivyozoeleka.

Kuna jambo jingine katika jaribio la Ebola ambalo wenye makampuni wanapaswa kulisoma vizuri. Kati ya waliotibiwa kwa mAb114 wakiwa bado na virusi vichache mwilini, alifariki karibu mmoja kwa kumi. Waliochelewa walifariki kwa wingi, hata dawa ikiwa ileile. Kwa hiyo muda wa kufika hospitali ni sehemu ya tiba.

Saa 48 za mfanyakazi

Hapo ndipo hesabu inakuwa ngumu kwa Butembo na Beni. Mwanamotari anayetakiwa kumpelekea mwenye pikipiki pesa kila jioni hatalala nyumbani kwa sababu ya homa ya siku ya kwanza. Atanunua paracétamol kwenye duka la dawa la karibu, atarudi barabarani, na abiria wake watakaa nyuma ya mgongo wake. Mama anayeuza mboga sokoni atafanya vilevile. Homa na maumivu ya viungo vitadhaniwa kuwa malaria, kwani ndiyo inayojulikana zaidi. Siku ya tatu au ya nne, pumzi ikianza kukatika, ndipo watakwenda kituo cha afya. Saa 48 zitakuwa zimepita, na kidonge cha bei ghali kitakuwa na faida ndogo.

Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri kumgharamia mfanyakazi na familia yake matibabu, na kumlipa theluthi mbili za mshahara anapokuwa mgonjwa. Lakini inamlinda mwenye mkataba. Wapakiaji wa magari, wauzaji wa mitaani, wamotari na vijana wengi wanaosimama madukani wanafanya kazi kwa maneno tu. Kwao, kukaa nyumbani ni kukosa chakula cha jioni.

Ndiyo maana kununua vidonge bila kupanga malipo ya siku za ugonjwa ni kuanza kazi kwa mwisho. Kampuni yenye kabati la dawa lakini inayomkata mfanyakazi siku aliyoumwa itamkuta kazini, akikohoa, na akiambukiza wenzake.

Nani aanze kupewa?

Swali la pili ni la haki, na katika miji hii si swali dogo. Wakati wa Ebola wakaaji wengi walizungumza juu ya biashara ya Ebola: magari mengi, mishahara ya wageni, na kazi zilizogawanywa bila maelezo. Kuahirishwa kwa uchaguzi wa Desemba 2018 katika Beni na Butembo kuliongeza hasira. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroun aliyekuwa akifanya kazi na OMS, aliuawa kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Graben mjini Butembo.

Ikiwa mfanyabiashara mkubwa ataweka vidonge kwa ajili ya familia yake na makarani wake, huku muuguzi wa kituo cha mtaani hana hata barakoa, maneno hayohayo yatarudi. Wahudumu wa afya 171 waliambukizwa Ebola kati ya 2018 na 2020. Wao, pamoja na wanaosambaza maji na umeme na madereva wanaoleta chakula, wanastahili kuwa mbele. Orodha hiyo inafaa kujadiliwa sasa, mji ukiwa mtulivu, kati ya zoni za afya, shirikisho la makampuni FEC, vyama vya wamotari, masoko, makanisa, misikiti na mashirika ya kiraia, kisha itangazwe redioni. Akiba nayo ingekaa salama zaidi mikononi mwa zoni ya afya, yenye waganga wa kuandika dawa, kuliko kwenye stoo ya kila kampuni ambako itapitwa na muda.

Njia ya dawa nayo imebadilika. Tangu M23 iingie Goma Januari 2025, uwanja wa ndege wa mji huo umefungwa kwa safari za kawaida. Kwa eneo la Beni na Butembo, mpaka wa Kasindi na barabara ya Bunia zimekuwa muhimu zaidi, zote mbili zikiwa katika eneo linalosumbuliwa na waasi wa ADF. Mkataba wa OMS juu ya milipuko, uliopitishwa Mei 2025, unalenga watengenezaji watoe hadi asilimia 20 ya chanjo na dawa zao kwa ajili ya kugawiwa nchi zenye uhitaji. Lakini sehemu inayoeleza namna ya kugawana iliachwa kwa mazungumzo zaidi, na mkataba hausemi ni gari gani litavuka Kasindi wala nani atalilinda.

Yanayoweza kufanywa mapema hayagharimu sana. Kila duka, shule na hospitali inaweza kumfundisha mtu wa pili kazi ya wa kwanza, ili mgonjwa asilazimishwe kuja. Inaweza kufungua madirisha, kurudisha ndoo za kunawia mikono ambazo kila mtu alizizoea wakati wa Ebola, na kuandika karatasi moja inayosema: ukiwa na homa, kaa nyumbani, piga simu kwa namba hii, siku tatu zako zitalipwa. Vyama vya wamotari vinaweza kukubaliana na wenye pikipiki kwamba mgonjwa hadaiwi pesa ya jioni. Makubaliano ya namna hiyo yakiwepo, dawa itakapofika itawakuta watu wakiwa bado ndani ya saa zao 48.