Utamu wa Chokoleti na Jasho la Mkulima



Siku chache baada ya Idi, mama mmoja alitungojea hadi darsa ilipomalizika, akasema: "Sheikh, mwanangu amesikia skuli kwamba chokoleti hutokana na kazi ya watoto wenziwe. Niliyomnunulia sikukuu amekataa kuila. Nimwambie nini?" Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba atupe wiki moja. Nazo wiki zikawa tatu. Leo twalileta jawabu hapa, kwani twaamini si yeye peke yake anayelihitaji.

Kwanza, mtoto hakusema uongo. Zaidi ya nusu ya kakao ya ulimwengu hutoka katika nchi mbili za Afrika Magharibi, nazo ni Kodivaa na Ghana. Tunda lake hukatwa kwa panga, hupasuliwa, na mbegu zake hufunikwa majani ya mgomba kwa siku kadhaa hadi zichachuke, kisha huanikwa juani. Ni kazi ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi zisizowafaa watoto katika kilimo cha kakao cha nchi hizo mbili. Wengi wao hufanya kazi katika mashamba ya wazazi wao wenyewe. Basi tusidhani kwamba baba wa kule hana huruma. Mtu akiuza gunia kwa bei isiyomwezesha kumlipa kibarua, mkono ulio karibu naye ni wa mwanawe.

Ugonjwa huo, basi, ni wa bei. Hapo ndipo lilipozuka jambo liitwalo Fairtrade, yaani biashara ya haki. Wakulima hujiunga katika ushirika. Huwekewa bei ya chini ambayo mnunuzi hawezi kuivuka kwenda chini. Na juu ya bei hiyo hulipwa nyongeza, ambayo wanachama wenyewe huamua itumike wapi. Mwaka 2019 nyongeza ya kakao ilipandishwa hadi dola 240 kwa kila tani. Huko Ghana upo ushirika uitwao Kuapa Kokoo, ulioanzishwa mwaka 1993, na maana ya jina lake ni mkulima mwema wa kakao. Mwaka 1998 ushirika huo ulishiriki kuanzisha kampuni ya chokoleti huko Uingereza, iitwayo Divine, na wakulima wakawa na hisa ndani yake. Mkulima aliyezoea kuuza mbegu tu akawa mshirika katika faida ya kitu kilichokwisha tengenezwa.

Lakini chokoleti ya haki haijiuzi yenyewe. Kisa kilichotupendeza zaidi ni cha mji mdogo wa Garstang, kaskazini mwa Uingereza. Daktari mmoja wa mifugo, Bruce Crowther, pamoja na wenzake, walihangaika kwa miaka kuwashawishi watu wa mji wao wanunue bidhaa za haki, na wachache tu ndio waliowasikiliza. Mwaka 2000 wakabadili njia: waliwaalika viongozi wa mji, wa dini na wa skuli kwenye chakula. Juu ya meza waliweka bidhaa za Fairtrade kutoka mbali pamoja na vyakula vya wakulima wa hapo hapo, ambao nao walikuwa wakililia bei ya maziwa yao. Wageni wakaelewa kwamba kilio cha mkulima ni kimoja. Mwezi wa Aprili mwaka huo, watu wakakutana hadharani na kuutangaza mji wao kuwa wa kwanza duniani wa biashara ya haki. Baadaye wakafunga undugu na New Koforidua, mji wa wakulima wa kakao huko Ghana. Undugu huo una uzito wake, kwa kuwa Lancaster, jirani wa Garstang, ilikuwa bandari ya meli za biashara ya utumwa. Leo miji iliyofuata mfano huo imepita 2,000.

Tukitazama vizuri, waliyoyafanya hayakuhitaji mali nyingi. Baraza la mji lilipitisha azimio. Wenye maduka walikubali kuweka bidhaa hizo. Skuli, makazini na nyumba za ibada walizitumia katika vikao vyao. Magazeti yaliarifiwa, na ikawekwa kamati ili jambo lisife. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Nasi je? Twaweza kuanza kwa kumwuliza mwenye duka, kwa adabu, kama anayo chokoleti yenye alama hiyo. Mwenye duka akiulizwa na mmoja husahau, akiulizwa na kumi huagiza. Kikundi cha akina mama kinachoandaa zawadi za watoto wa madrasa chaweza kununua kidogo kwa pamoja, ikawa kipande kimoja cha haki badala ya vitatu visivyojulikana asili yake. Walimu waweza kuwasimulia watoto safari ya kakao kutoka shambani. Ila tusidanganyane: alama hiyo si dhamana ya kila kitu, wala haijamaliza umaskini wa wakulima. Ni hatua moja, nayo hatua hiyo ina gharama.

Tena lipo la nyumbani, nalo ndilo zito. Watu wa Garstang hawakumtazama mkulima wa Ghana wakamsahau jirani yao. Basi na sisi tujiulize: mkwezi wetu twamlipa siku aliyokwea, au twamwambia "njoo kesho"? Nazi za mzee wa shamba twazinunua kwa bei gani, tukijua ana shida? Na yule binti anayetupikia na kutulelea watoto, mshahara wake wa mwezi uliopita ameupata? Dini yetu imetuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Chokoleti ya haki haitakuwa na utamu ikiandaliwa mezani na mikono iliyodhulumiwa.

Kwa hiyo, mama yetu, usimlazimishe mwanao kula, wala usimcheke. Mwambie ameuliza swali jema. Mshike mkono mwende pamoja dukani, mkaulize. Mkirudi, mbele yake, umlipe binti wa kazi haki yake kamili. Hapo atakuwa amepata jawabu kwako kabla ya kulipata kwetu.

Wabillahi tawfiq.