Mgeni anapiga picha mlango, nani anatengeneza paa?

 Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa kurasa za biashara na burudani, nalo ni namna Mji Mkongwe wa Zanzibar unavyotangazwa kwa wageni kwa sanaa na utamaduni wake. Tumelileta hapa kwa sababu sehemu kubwa ya kinachotangazwa ni nyumba walimolelewa watoto wa Kiislamu, misikiti yao na mali za wakfu. Na familia zinazoishi humo hadi leo ndizo aghalabu huwa za mwisho kuulizwa.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wakati huo watalii walikuwa wanahesabika kwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Mwaka 2023 walifika Zanzibar wageni zaidi ya 630,000, na mwaka 2024 wakapindukia 730,000, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa wakaazi wa visiwa vyote hawafiki milioni mbili. Wengi wao hufuata fukwe. Lakini ni wachache wanaorejea kwao bila ya kupita Mji Mkongwe walau siku moja, na picha wanazorudi nazo ni za milango.

Mtu akisikia kuwa mji fulani unakuza sanaa ya hadhara, huenda fikra yake ikaenda kwenye sanamu zinazosimamishwa katika njia panda, au michoro mikubwa ya ukutani. Miji mingi duniani imechukua njia hiyo. Mji Mkongwe haukuhitaji sanamu. Sanaa yake ya hadhara ni mlango, na mlango, ingawa ni wa mwenye nyumba, uso wake umeelekezwa njiani. Mwenye mali alimlipa fundi miezi kadhaa ya kuchonga, kisha akakiweka kile alichokilipia mahali ambapo mpita njia, hamali na mtoto anayekwenda chuoni watakiona kabla yake yeye mwenyewe.

Tuutazame mlango huo kwa utulivu, kwani wengi wetu tumezoea kuupita. Kuna miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha juu, mbao mbili, na katikati yake mfaa, ule mti unaofunika mahali mbao zinapokutana. Katika milango ya mtindo wa Kiarabu wa zamani kizingiti cha juu ni cha mraba. Ile iliyokuja mwishoni mwa karne ya 19, yenye athari ya Kihindi, ina tao juu yake na nakshi zilizojaa zaidi. Humo mna mawimbi na samaki upande wa chini, maua ya yungiyungi, mitende, na mnyororo unaozunguka fremu. Juu ya maana ya mnyororo huo kila mwongoza wageni ana hadithi yake, na hadithi hizo huwa ndefu zaidi mgeni anapoonekana kuwa mkarimu. Vile vichwa vya shaba vilivyochongoka vimetokana na mila ya Bara Hindi, ambako vilikusudiwa kuzuia ndovu wa vita. Unguja havikuwa na ndovu wa kumzuia, vikabaki kuwa pambo. Na juu kabisa, katika milango mingi, pana maandishi ya Kiarabu: aya ya Qur'ani, dua, jina la mwenye nyumba, au mwaka wa Hijria.

Hii ndiyo kazi ya sanaa ambayo mji unaitangaza leo katika vipeperushi. Hakuna ofisi iliyoiagiza, wala bajeti ya utamaduni iliyoilipia. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na familia zenye uwezo, mafundi wenye wanafunzi, na desturi iliyowaona majirani kuwa wana haki ya kuona kitu kizuri. Baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba ni katika mlango huo huo wa fikra: mwenye nyumba alijenga kitako kwa ajili ya yeyote atakayechoka.

Hatusemi kwamba mji umekaa bila kufanya kitu. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, wakati ambapo nyumba nyingi zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyengine. Uliandaliwa mpango wa uhifadhi mwaka 1994. Taasisi ya Aga Khan ilikarabati lile jengo la zamani la zahanati lililo karibu na bandari, kisha bustani ya Forodhani, ambayo ilifunguliwa upya mwaka 2009 na ambayo jioni hujaa familia za wenyeji pamoja na wageni. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17, ikawa uwanja wa matamasha: la filamu za nchi za jahazi tangu mwaka 1998, na la muziki la Sauti za Busara tangu mwaka 2004. (Suala la muziki wanazuoni wamelizungumza sana na wametofautiana, si mada yetu ya leo.) Tunachotaka msomaji akizingatie ni kwamba mwaka 2016 tamasha hilo la muziki halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Jambo linalosifiwa kuwa ni uso wa mji lilisimama mwaka mzima kwa sababu wafadhili hawakutosha. Kwa hakika, mambo mengi katika utangazaji wa mji huu yamesimama juu ya mguu huo.

Sasa tuje kwenye paa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Paa likivuja, maji huingia ukutani, boriti zinaoza kwenye ncha zilizozama katika ukuta, na siku moja dari hushuka. Mwenye nyumba asiye na uwezo huziba nyufa kwa saruji, kwani ndiyo iliyopo dukani, nayo saruji huyafungia maji ndani ya ukuta na kuharakisha maangamizi. Chokaa iliyolowekwa vizuri na fundi anayeijua vina gharama ambayo mstaafu au mjane hawezi kuibeba. Na nyumba yenyewe huenda ni ya mirathi, ina warithi ishirini, nusu yao wako Maskati, Dubai au London. Au ni ya serikali tangu baada ya mwaka 1964. Au ni ya wakfu, na kodi yake ya mwezi haitoshi kununua boriti moja. Katika hali hiyo wako waliong'oa mlango wa babu yao wakauza, wakaweka wa chuma. Ni rahisi kuwalaumu. Ni vigumu zaidi kuwaambia wangefanya nini wakati mvua za masika zinaingia chumbani mwa watoto.

Hata jengo kubwa kuliko yote halikusalimika. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ikawa miongoni mwa majengo ya mwanzo Afrika Mashariki kuwa na umeme, na baadaye ikawa makumbusho. Dalili za udhaifu zilionekana kwa miaka mingi, na sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Fedha za ukarabati zilipatikana kutoka Oman, na kazi ikaanza. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ikaporomoka, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Tunawaombea rehema. Jengo hilo lilikuwa limeshapigwa picha na mamilioni ya watu kabla ya siku ile.

Swali letu basi ni la hesabu. Mgeni analipa hoteli, analipa mwongozaji, analipa ndege, na tangu Oktoba 2024 analipa pia bima ya lazima ya Dola 44 za Marekani anapoingia Zanzibar. Kwa hivyo haisemeki tena kwamba hakuna njia ya kumtoza mgeni kitu kidogo bila ya kumfukuza. Katika fungu lote hilo, ni kiasi gani kinachofika kwenye paa la nyumba ambayo mlango wake ndio uliomleta? Tunatoa rai kwamba pawe na mfuko maalumu, unaojulikana kwa hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka, wa kuwakopesha au kuwasaidia wenye nyumba na wapangaji kununua chokaa na boriti na kumlipa fundi. Waislamu hawahitaji kufundishwa fikra hii na mtu wa nje. Ndiyo wakfu: mali inabaki, matunda yake yanatumika, na kipaumbele cha kwanza cha mapato, kama mafakihi walivyoeleza, ni kuitengeneza mali yenyewe isije ikaangamia. Nyumba ya wakfu inayopangishwa kwa kodi isiyoitengeneza inaliwa, haitumiki. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina nyumba ndani ya Mji Mkongwe na ingeweza kuwa ya kwanza kuonesha mfano, hata kwa nyumba tano tu.

Wako watakaosema: acheni soko lifanye kazi, hoteli zitazinunua nyumba hizo na kuzikarabati. Ni kweli zinakarabatiwa, na nyingine kwa uzuri. Lakini Kamati ya Urithi wa Dunia katika miaka ya 2010 ilieleza wasiwasi wake mara kwa mara juu ya ujenzi wa hoteli pale Mambo Msiige, kwenye ukingo wa bahari, na orodha ile si ya milele. Liverpool iliondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya bandarini. Kubwa zaidi ni watu. Venice, mji mwengine wa bahari na wafanyabiashara, ulikuwa na wakaazi wapatao 175,000 katika kisiwa chake kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na mwaka 2024 ukaanza kuwatoza ada wageni wa siku moja. Mtaa ambao nyumba zake zote zimekuwa hoteli hauna mtoto wa kwenda madrasa, na msikiti wake sala ya Alfajiri unapata safu isiyotimia. Imamu atabaki akisalisha walinzi wa mahoteli, Mungu awajaze kheri kwa kuja.

Wala si kweli kwamba mji ukitaka wageni wa utamaduni ni lazima uufumbie macho ulevi milangoni mwa misikiti. Sharjah, ambayo wengi wa watu wetu wanaijua kwa kufanya kazi kule, imekuwa ikifanya maonesho makubwa ya sanaa kila baada ya miaka miwili tangu 1993, ina makumbusho ya ustaarabu wa Kiislamu tangu 2008 ndani ya jengo lililokuwa soko, na ina maonesho ya hati za Kiarabu. Ulevi hauuzwi katika hoteli zake, na wageni wanakuja. Sharjah ina mafuta na gesi, tunajua, na Unguja haina. Basi tutazame Lamu, iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001 na isiyo na utajiri huo. Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh, hayakubuniwa kwa ajili ya mtalii yeyote. Watu wa Lamu wanayasoma kwa ajili yao, mashindano ya majahazi na ya punda hufanyika pembeni yake, na mgeni akifika anawakuta wenyewe wako katika shughuli yao.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Mgeni katika dini yetu ana haki ya kukirimiwa, na Sura ya Hujurat imetupa msingi wa kujuana baina ya mataifa. Hatuna ugomvi na mgeni. Akipita amevaa nguo isiyomsitiri, mara nyingi ni kwa sababu aliyempokea uwanja wa ndege hakumwambia. Akipiga picha ya mama aliyekaa barazani kwake, ni kwa sababu mwongozaji wake aliona haya kumkataza. Mambo haya yanarekebishika kwa adabu na kwa masharti ya leseni, bila ya kelele za mimbarini.

Tumalizie na mafundi. Anayetembea Mtaa wa Gizenga atakuta maduka yamejaa michoro ya twiga na simba kwa mtindo wa Tingatinga, uliozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni sanaa nzuri, na watu wanapata riziki yao. Lakini Unguja haina twiga wala simba, na mgeni anaondoka na picha ya mnyama asiyekuwapo, ilhali hatua chache kutoka hapo fundi wa nakshi anachonga sanduku dogo la kuwekea pete kwa sababu hakuna aliyemwagiza mlango. Ukumbi mpya wa serikali, skuli mpya, msikiti mpya: kila kimoja kina mlango wa mbele. Lau taasisi hizi, misikiti ikitangulia, zingekuwa na desturi ya kumwagiza fundi wa hapa, naye akaruhusiwa kuchukua vijana wawili wa kujifunza, na mwalimu wa madrasa mwenye hati nzuri akaandika aya ya kizingitini, kazi ingepatikana kwa watu wanne kwa mlango mmoja. Kamati za misikiti zinazojenga mwaka huu zina uwezo wa kuamua jambo hili katika kikao kimoja, kabla ya kuagiza ule mlango wa aluminiamu.