Chanjo Si Mtego, na Tusikubali Igeuzwe Mtego



Kila kampeni ya polio ikianza, sauti zinaanza kuzunguka kwa magrupu ya WhatsApp: usifungue mlango, hao ni majasusi. Wewe unacheka, unasema ni uvumi wa wazee. Hebu ngoja kidogo. Hofu hiyo ina chanzo chake.

Mwaka 2011, CIA ya Marekani ilikuwa inamsaka Osama bin Laden mjini Abbottabad, Pakistan. Ikamtumia daktari Mpakistani, Shakil Afridi, kuendesha kampeni ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Lengo lilikuwa kupata DNA ya watoto waliokuwa ndani ya nyumba ile. Dawa ilikuwa ya kweli, nia ndiyo ilikuwa ya uongo. Iliripotiwa kwamba watoto wa mtaa wa maskini walikoanzia walipewa dozi ya kwanza, kisha timu ikahama bila kurudi na ya pili.

Angalia kilichofuata. Juni 2012, kamanda wa wapiganaji huko Waziristan Kaskazini alipiga marufuku chanjo ya polio mpaka Marekani ikome kushambulia kwa droni. Disemba mwaka huo, wahudumu wa chanjo walipigwa risasi na kuuawa, wengi wao akina dada, Waislamu kama wewe. Mwaka 2014 Pakistan ilihesabu visa 306 vya polio, vingi kuliko nchi yoyote duniani. Mei mwaka huo huo, Ikulu ya Marekani iliviandikia vyuo vya afya ya umma kwamba CIA haitatumia tena kampeni za chanjo kwa ujasusi. Ahadi imekuja, lakini miguu ya mtoto aliyepooza hairudi.

Sasa niambie, nani alilipa? Jasusi hakulipa, wala anayeendesha droni akiwa kwa kiti ofisini. Aliyelipa ni mtoto. Walioifanya chanjo chambo walidhulumu. Na waliomnyima mtoto kinga ili kumkomoa Mmarekani walidhulumu pia. Dhuluma mbili hazizai haki.

Kwa nini tunasema haya leo? Kwa sababu tarehe 4 Disemba 2025 serikali yetu ilitia saini mkataba wa afya na Marekani, wa miaka mitano, wenye ahadi ya dola bilioni 1.6. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda kipengele cha kuhamisha data za wagonjwa. Hatusemi kuna njama. Tunasema ukishaona Abbottabad, una haki ya kuuliza. Na hapo ndipo pa kujifunza: waliotilia shaka mkataba hawakufukuza manesi mitaani, walienda kortini.

Basi wewe pia fanya hivyo. Kampeni ikija Likoni, Eastleigh au Garissa, mdogo wako apate matone yake, apakwe wino kidoleni. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, si jambo la hiari. Kisha uliza kwa adabu: jina la mtoto linaandikwa wapi, na nani analiona? Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko. Mbunge wako naye mwulize anasimama wapi. Na ile sauti usiyojua imetoka wapi, usiisambaze.

Mlinzi wa nyumba hachomi nyumba ili kumzuia mwizi. Anafunga mlango, anashika funguo, na anajua nani ameingia.

Allah awahifadhi watoto wetu, na atupe macho ya kuona na ulimi wa kusema haki. Amin.