Kibanda cha Nyanya Kisimfute Mtu Kwenye Orodha

Wenzangu wa Kabuchai, kuanzia Chwele hadi Nalondo, kutoka Luuya mpaka Mukuyuni, nina ombi, na nitalitaja mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo. Tuiandikie serikali, kwa pamoja na kwa majina yetu, kwamba familia inayopokea pesa za Inua Jamii kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu mkubwa ipewe mwaka mzima wa kujaribu biashara ndogo bila jina lake kuondolewa kwenye orodha. Mengine nitakayosema ni sababu na namna ya kulifanya.

Pesa zenyewe tunazijua. Mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa ulianza 2011, na malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Oktoba 2023 serikali ilipotangaza bei ya kununulia mahindi, gunia la kilo 90 lilikuwa shilingi 4,000. Maana yake pesa za mwezi mzima ni nusu gunia. Mwaka huohuo mbolea ya ruzuku ilishushwa bei hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, nasi tukashangilia, na ni haki yetu. Lakini mlezi anayetaka kupanda kishamba chake pale Bwake alikuwa bado amepungukiwa na mia tano, kabla hajagusa mbegu, sabuni wala nepi za mtu mzima.

Hata hizo si rahisi kuzipata. Kwa miaka mingi mpango huu ulifikia kaya kama 47,000 nchini kote, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu. Ni kweli si wote hao wenye ulemavu mkubwa. Hata hivyo, ukigawa 47,000 kwa maeneo bunge 290 unapata kaya kama 160 kwa kila eneo bunge. Kabuchai ina wadi nne; hebu kila mmoja ahesabu nyumba anazozijua katika wadi yake tu. Mtu ambaye jina lake limepita katika mchujo wa namna hiyo hawezi kulifanyia mchezo, na hofu ninayotaka tuizungumze inaanzia hapo.

Masharti ya kuingia yanasema kaya iwe maskini. Mwenye ulemavu ahitaji uangalizi wa kudumu, yaani kulishwa, kupelekwa msalani, kulindwa asijidhuru. Tena pasiwe na mtu wa nyumba hiyo anayepata mapato ya mara kwa mara, pensheni ikiwemo. Kwa mwalimu au askari, sharti hili halina utata, kwa sababu mshahara wake una karatasi. Sasa mchukue mama anayenunua kreti mbili za nyanya Chwele alfajiri na kuzipanga mafungu mafungu kando ya barabara. Jumatatu anapata faida ya mia tatu. Jumanne mvua inanyesha, haendi popote. Jumatano nusu ya nyanya zimeoza. Hayo ni mapato ya mara kwa mara au siyo? Kwa kuwa jambo halijawekwa wazi, kila mtu hulijibu kadiri ya hofu yake, na mwenye hofu huona ni afadhali asiuze kabisa.

Au auze kwa kificho. Hapa tuambiane ukweli, maana ni mambo tunayoyaona na kuyanyamazia. Kuku wanasemwa ni wa shemeji. Laini ya kupokelea malipo ina jina la binamu. Ng'ombe wa maziwa analala kwa jirani, na jirani ndiye anayekamua. Siku shemeji akikosana na wewe, kuku wanaondoka naye, wala huna pa kumshtaki, kwa sababu ukimshtaki umejishtaki mwenyewe. Biashara iliyofichwa haiwezi kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo ya serikali wala kuwekewa ubao wa jina mlangoni. Inabaki ndogo kwa sababu ikikua itaonekana. Halafu tunakaa kwenye vikao vyetu tukisema watu hawa wamezoea kusaidiwa, na mmoja atakumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwenye methali hiyo mdomoni ndiye ningependa awe wa kwanza kutia sahihi.

Kuna hoja moja nisiyoidharau. Watu watasema: foleni ni ndefu, kuna kukhu fulani, bibi mzee, hana chochote na bado anasubiri, kwa nini anayeuza nyanya aendelee kushika nafasi? Ni hoja ya watu waungwana, inastahili jibu la maana.

Jibu langu liko katika namna biashara hizi zinavyoenda katika nyumba yenye mgonjwa. Mtu wa kuajiriwa akiugua, Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda kidogo: akishafanya kazi miezi miwili mfululizo, ana siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka wa kazi. Si nyingi, lakini zipo. Mama wa nyanya hana hata moja. Kijana wake akishikwa na kifafa usiku wa kuamkia siku ya soko, kibanda hakifunguliwi. Akilazwa hospitali Bungoma kwa wiki mbili, nyanya alizokopa mama zinaozea kwenye kreti, deni linabaki zima, nauli ya kwenda na kurudi inakula kilichokuwa mtaji. Wakitoka hospitali, mama anaanza upya, kutoka chini ya sifuri. Kwa mtu kama huyo shilingi 2,000 za kila mwezi ndizo zinazomwezesha kuanguka leo na kujaribu tena mwezi ujao. Ukizikata pale tu anapoonekana na faida ya kwanza, kibanda hakimalizi msimu, naye atarudi kwenye foleni ileile nyuma ya kukhu, akiwa na deni juu. Na majirani watakuwa wamejifunza somo: usijaribu.

Wala si jambo geni ninalolidai. Marekani, anayelipwa bima ya ulemavu hupewa miezi 9 ya kujaribu kazi katika kipindi cha miaka 5, akaendelea kulipwa kama kawaida hata kama kazi hiyo ni biashara yake mwenyewe. Uingereza wana utaratibu wa kumruhusu mgonjwa anayepokea msaada fulani afanye kazi chini ya saa 16 kwa wiki, mradi kipato kisivuke kiwango kilichowekwa. Hizo ni nchi tajiri, najua, na pesa hizo za Marekani hutokana na michango ya mfanyakazi mwenyewe. Basi tuangalie nyumbani. Serikali yetu, kwa msaada wa Benki ya Dunia, imekwisha kujaribu mradi wa kuziinua kaya maskini kwa kuzipa mtaji, mafunzo na vikundi vya akiba katika kaunti tano: Kisumu, Makueni, Marsabit, Murang'a na Taita Taveta. Kwa hiyo Nairobi wanajua kwamba msaada na biashara vinaweza kwenda pamoja. Bungoma haikuwemo katika zile tano, na hakuna atakayetukumbuka tusipojikumbusha.

Tena wakati ni mzuri. Mei 2025 Rais alitia saini Sheria ya Watu wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Sheria ya namna hiyo haitembei bila kanuni, na kanuni ndizo zinazomgusa mtu mlangoni kwake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wenyewe na wanaowategemea. Anayejaribu kujikimu akiwa bado hajaweza, naye yumo humo.

Sasa kazi yetu. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na sheria ya 2012 inayoeleza utaratibu huo inataka mwombaji aonyeshe kwamba alikwisha kujaribu kupata jibu kwa wahusika. Kwa hiyo barua ya kwanza iende kwa Idara ya Serikali ya Ulinzi wa Jamii, nakala kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na kwa mbunge wetu, na nakala yetu irudi na muhuri wa ofisi. Bila muhuri tutaambiwa hatukuandika. Wakijibu vizuri, tumemaliza. Wakinyamaza, barua hiyo ndiyo inayotufungulia mlango wa Bunge.

Ndani ya barua tuseme mambo machache na tuyaseme waziwazi: mwaka mmoja wa majaribio kuanzia siku mtu anapoitangaza biashara yake, kipato kipimwe baada ya mwaka, si baada ya soko moja zuri, na biashara ikifa, jina lisichujwe upya tangu mwanzo. Anayetangaza asiadhibiwe kwa kusema kweli. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linawahusu pia wazee wa mtaa na wajumbe wa kamati za wanaopokea pesa hizo. Wao ndio huulizwa nani bado anastahili. Tukubaliane nao barazani, mbele ya chifu, kwamba kibanda kipya si kesi ya kupelekwa ofisini. Na jirani mwenye wivu, ambaye kila kijiji kinaye, asipate wa kumsikiliza.

Lakini tusisubiri Nairobi kwa kila kitu. Kinachowafunga walezi wengi ni kwamba hakuna wa kuachiwa mgonjwa, hata pesa ya mtaji ingekuwepo. Nyumba nne au tano zilizo karibu zinaweza kupeana zamu: leo wewe unabaki na wagonjwa wawili, mimi naenda Chwele, siku ya soko ijayo tunabadilishana. Watu 10 wanatosha kusajili kikundi chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, na kikundi chenye cheti kinaweza kufungua akaunti, kuomba mkopo wa Uwezo usio na riba, na kuomba ruzuku kwa Baraza la watu wenye ulemavu. Makanisa yenye ukumbi unaokaa mtupu Jumatatu hadi Ijumaa, mmesikia. Vijana wa bodaboda nanyi pia, maana mnajua wenzenu waliokwenda kazini asubuhi na miguu miwili na sasa wanageuzwa kitandani na mama zao. Kumleta mlezi mmoja barazani bila nauli ni mchango wa dakika kumi.

Tukilazimika kufika Bungeni, ombi linaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo asije mtu akatuambia tutafute wakili wa Kiingereza. Kila anayeunga mkono aandike jina, anwani na namba ya kitambulisho, kisha atie sahihi. Asiyeweza kutia sahihi aweke dole gumba, sheria inalikubali. Na kwa mlezi asiyeweza kutoka nyumbani, karatasi na wino vimfuate huko huko.